Mkamwana Asiyeinama Alfajiri

"Adhuhuri anainama! Mbele ya tanuri anainama mpaka kichwa kinapotelea ndani, inabaki miguu nje kama bata anayetafuta chura! Lakini alfajiri, mbele yangu mimi niliyemzaa mumewe, hainami. Niambie wewe uliyesoma, Elyor, ni mgongo gani huo unaojua saa?"

Bi Tursunoy alikuwa amepanda juu ya ulingo wa mbao uliokaa katikati ya ua, chini ya mzabibu, mkono mmoja kiunoni, wa pili umekumbatia mfarishi mwekundu. Mingine alikwisha kuitoa chumbani kwa mkamwana wake na kuirundika pale ulingoni, ya kijani, ya zambarau, ya maua, yote imejazwa pamba mpya na kushonwa kwa mkono.

"Mama, shuka kwanza, utaanguka," alisema mwanawe Elyor.

"Niache nianguke! Nikivunjika mgongo, mimi angalau nitakuwa na sababu."

Katika mtaa ule mifarishi ya bibi harusi haishushwi ovyo. Huja naye kutoka kwao, ikapangwa juu ya sanduku lake mpaka karibu na dari, na hukaa hivyo watu waione. Hushushwa kwa mambo mawili tu: akija mgeni mkubwa wa kutandikiwa, au mwenyewe akirudishwa kwa wazazi wake. Siku hiyo hapakuwa na mgeni.

Oydin, mwenye mifarishi, alisimama kando ya tanuri, unga mpaka kwenye viwiko, jicho la kushoto bado jekundu kidogo. Hakulia. Alikuwa akihesabu kichwani kama mikate iliyomo ndani itaungua kabla ya maneno kwisha, akaona itaungua, akainama akaitoa mmojammoja. Akainama kweli, mpaka kiunoni.

"Si unaona!" akapiga kelele Bi Tursunoy. "Si unaona mwenyewe!"

Mji wao huo, Kokand, ni mji wa upepo. Watu wa kule husema upepo wao uliwahi kumnyanyua punda sokoni ukamtua mji wa pili, naye akiwa bado anatafuna jani lilelile. Mtu akiumwa kichwa, ni upepo. Mtoto akikataa kunyonya, ni upepo. Na mwanamke akiumwa kiuno ndio usiulize kabisa: alikaa na mgongo mtupu mlangoni. Kwa hiyo Oydin alipoanza kuamka mgumu, akiwa bado msichana kwao, mama yake alimfunga skafu ya sufu kiunoni, kisha akamtazama kwa muda mrefu kuliko skafu ilivyohitaji, akaenda zake jikoni kulia.

Mama yule alikuwa na sababu. Mumewe, Fundi Kobil, ndiye aliyekuwa mwoka mikate hodari kuliko wote upande wa mashariki wa mji. Mkate wake ulikuwa mwembamba katikati hata ukiushika juu unaona jirani anakula nini, na pembeni umevimba kiasi cha kumlaza mtoto mchanga. Lakini mgongo wake ulianza kumkaza angali kijana. Ulianzia chini, makalioni, leo upande huu, kesho ule. Ukapanda. Miaka ilivyokwenda, mgongo ukawa kipande kimoja kama mpini uliopinda, na shingo nayo ikafuata. Kila aliyemwona alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni moto wa tanuri umemkausha. Wengine walisema alimkanyaga jini aliyekuwa amelala kwenye majivu. Mwenyewe alisema ni kazi, akaendelea kuoka, na siku alipoingiza kichwa tanurini kikakataa kutoka, Oydin ndiye aliyemvuta kwa miguu. Kuanzia hapo binti akashika tanuri na baba akabaki kukanda unga.

Wakati wa kuposwa ulipofika, ilibidi baba afichwe. Si kwa ubaya. Nyumba ilikuwa na mabinti watatu, na nani anaposa damu yenye mgongo wa namna ile? Washenga walipokuja, Bi Tursunoy akiwa mbele, walimkuta Fundi Kobil amekwisha kuketishwa mwisho wa kitambaa cha chakula, mito imemjaa nyuma na ubavuni, juba kubwa limemfunika mabega. Hakusimama. Bi Tursunoy alimsalimia kutokea kando, naye akageuza macho tu. Shingo haikugeuka.

"Kama saa ya ukutani!" Bi Tursunoy alisimulia mtaa mzima baadaye. "Macho huku, macho kule, kichwa kimetulia. Mwoka mikate huyo! Angekuwa mfua dhahabu je?"

Hakuiacha posa kwa sababu binti alikuwa mzuri na Elyor alikwisha kumpenda. Ila lile la shingo alilimeza bila kulitafuna, na kitu kisichotafunwa hukaa tumboni.

Basi Oydin akaolewa, akaingia kwenye salamu za alfajiri. Bibi harusi wa kule, jua likichomoza, hutoka uani na ushungi wake mweupe, huweka mikono kifuani, huwainamia wakwe na jirani yeyote aliyekuja kuangalia. Huinama polepole, chini sana, mara tatu. Mabibi husimama langoni wakitafuna zabibu kavu na kupima. Yupo bibi harusi mmoja anayesemwa mpaka leo kwamba aliinama hata kipepeo akatua mgongoni pake akidhani ni meza.

Oydin alikuwa akiamka kama ubao. Hakuweza kuketi kitandani. Alijiviringisha mpaka ukingoni, akashusha miguu, akajisukuma na ukuta. Maumivu yenyewe yalimwamsha kabla ya majogoo. Alikwisha kujifunza kwamba akiamka akatembeatembea, akafagia, akateka maji, mwili hulegea kama unga uliotiwa hamira, na kufika saa tatu au nne mtu hawezi kujua kwamba alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo majuma ya mwanzo alitoka mapema mno, akafagia ua, akafagia njia mbele ya lango, akafagia na mbele ya malango ya watu. Jua lilipotoka alikuwa amelegea kiasi, akainama vizuri. Mtaa ukamsifu. Bi Hojar, jirani wa ukuta mmoja, alisema tangu Oydin aje vumbi la Kokand limehama.

Sifa ndizo zilizomponza. Bi Tursunoy hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo tu. Alimhurumia.

"Mwanangu, acha kufagia baridi hii. Lala. Toka wakati wa salamu tu, usije ukaingiwa na upepo."

Oydin akalala, maana aliambiwa. Alfajiri akatoka moja kwa moja kitandani, akaweka mikono kifuani, akainama kadiri mlango uliokwama unavyofunguka. Mabibi wakaacha kutafuna.

"Amechoka," Bi Tursunoy akamtetea. Siku ya pili akamwongezea blanketi. Siku ya tatu akaona kwamba ni kiuno, akachinja kondoo wake mwenye mkia mnono, yule aliyekuwa akimlisha makombo kwa mkono, akamfunika Oydin kwa ngozi ingali ya moto, akampaka mafuta ya mkia, akamwamuru asinyanyuke kutwa nzima. Mtaa mzima ulisikia harufu. Hata mbwa waliketi langoni kwa adabu.

Kesho yake Oydin hakuweza kuinama kabisa. Alisimama mbele ya mavyaa wake wima kama mlingoti, machozi yakimtoka kwa kujaribu, na Bi Tursunoy hakuyaona machozi, aliona shingo ya Fundi Kobil. Adhuhuri ya siku hiyohiyo akamkuta tanurini, amejikunja mpaka kiunoni, anabandika mikate kwenye ukuta wa ndani kama mtu asiye na mfupa hata mmoja.

Hapo ndipo kile alichokimeza siku ya washenga kilipopanda.

"Damu ya baba yuleyule," alimwambia Bi Hojar juu ya ukuta. "Kwa kazi yao ya mikate wanainama. Kwa mtu hawainami."

"Na kondoo je?" aliuliza Bi Hojar, ambaye alikuwa amepewa figo moja tu.

"Usinitajie kondoo."

Kisha likaja jicho. Oydin aliamka jicho moja likiwa jekundu kama komamanga, linauma, halitaki mwanga hata wa mshumaa. Bi Tursunoy alisema ni husuda ya mabibi harusi wengine, akafukiza isirika, majani ya kufukuzia kijicho, nyumba nzima mpaka nzi wakaondoka na hawakurudi msimu ule. Elyor alimpakia mkewe kwenye gari la rafiki yake, akampeleka hospitali.

Daktari wa macho akamtia dawa ya matone. Halafu, badala ya kumwacha aende, akamuuliza: "Mgongo unakusumbua?"

Oydin alimtazama kwa jicho lililobaki. Watu wote waliowahi kuutazama mgongo wake, hakuna aliyewahi kuuliza habari za jicho. Na huyu ametazama jicho akauona mgongo. Alidhani amekutana na mpiga ramli.

Alipelekwa chumba kingine, kwa daktari wa viungo, mama mmoja mnene aliyekuwa akinywa chai ya kijani, akamsikiliza bila kumkatiza. Ukilala unapona? Hapana, ndio unazidi. Ukitembea? Nafuu. Usiku unakuamsha? Kuelekea alfajiri, ndiyo. Ulianza ukiwa mdogo? Ndiyo. Visigino navyo? Navyo. Wakachukua damu, wakapiga picha ya nyonga.

"Mgongo uliochoka kwa mzigo hupoa ukilala," alisema yule mama. "Wako unaumia ukilala na kupoa ukiinuka. Hiyo ni namna yake nyingine. Mwili una askari wa kufukuza maradhi, eh? Wa kwako wamechanganyikiwa, wanapiga nguzo za nyumba yao wenyewe. Pale panapovimba, uti wa mgongo na nyonga vinapokutana, mwili ukiachwa huja kupaka mfupa mpya. Miaka ikipita pingili zinaweza kushikana. Zako hazijashikana. Umekuja mapema."

"Inapona?"

"Haing'oki. Inazuilika. Utakunywa vidonge vya kupoza uvimbe, baada ya chakula, si kabla. Visipotosha kuna sindano, tutaona. Lakini nusu ya dawa ni wewe: jinyooshe kila siku, tembea, lala kwenye godoro gumu na mto mwembamba. Na usimruhusu mvunja viungo yeyote aukanyage huo mgongo."

Kisha akaweka kikombe chini. "Jambo hili hupenda kwenda na damu. Si kila mwenye damu hiyo huugua, ila hupenda. Kwenu yuko mwingine? Baba, mama, mjomba? Mtu aliyekaza, anayegeuka mwili mzima?"

Elyor alikuwa amekaa pembeni. Oydin akaona mito, akaona juba, akaona wadogo zake wawili wakimimina chai siku ile. Mama yake alimshika uso siku ya kuondoka akamwambia neno moja tu: usije ukasema habari za baba yako mpaka wadogo zako wawe na nyumba zao. Na mmoja alikuwa na washenga njiani, wanakuja baada ya pamba kuvunwa.

"Hayuko," alisema.

Elyor alirudi nyumbani amebeba ile picha kama mtu aliyebeba hati ya kuachiwa huru. Mama yake aliielekeza juani, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Hizi ni mbavu za mbuzi?"

"Ni nyonga zake, mama."

"Nimewapa jicho, wamenirudishia kiuno! Nikiwapelekea jino si watanirudishia mguu?"

Vidonge vikaanza kufanya kazi, lakini taratibu, na Bi Tursunoy hakuwa mtu wa taratibu. Asubuhi ya siku hii ya mifarishi alikuja wifi yake mkubwa, Bi Robiya, kutoka Rishton, mwanamke anayeogopwa hata na wanawe wazee. Alikuja makusudi kusalimiwa na bibi harusi, na kitambaa cha hariri cha kumtunza amekikunja kwapani. Oydin alijinyoosha chumbani kama alivyofundishwa, akatoka, akainama. Alifika nusu. Akabaki pale nusu, jasho linamtoka, hawezi kushuka wala kupanda. Bi Robiya alimtazama, akakibana kitambaa kwapani, akaondoka bila kumega mkate. Nyumbani kwa watu wa Kokand, mgeni akiondoka bila kumega mkate ni afadhali angekutukana.

Bi Tursunoy alipiga simu kwa wazazi wa Oydin yeye mwenyewe. Alipokea baba.

"Njoo umchukue binti yako," alimwambia.

"Nakuja," ikajibu sauti, simu ikakatwa.

"Hata hakubisha!" ndilo lililomkera zaidi, na ndilo alilokuwa akilirudia sasa juu ya ulingo. "Hata kuomba! 'Nakuja!' Basi! Atamtuma dereva, utaona. Mtu asiyegeuza shingo atakuja mwenyewe mlangoni kwa watu?"

"Mama, mgonjwa huyu," alisema Elyor. "Picha umeiona."

"Nimeona mbavu za mbuzi."

"Daktari amesema."

"Daktari alimwona kwa kitambo cha chai moja. Mimi nakaa naye! Nilimchinjia kondoo, Elyor. Wewe unamjua yule kondoo. Nikimwita alikuwa akija. Nikamvua ngozi kwa ajili ya mgongo wa mtu, na kesho yake mtu yule akanisimamia wima kama polisi! Mtaka cha uvunguni si huinama? Huyu anataka cha uvunguni mwangu akiwa amesimama!"

"Cha uvunguni ndiye nani, mimi?"

"Wewe ndiye. Na vumbi umejaa."

Juu ya ukuta kilichomoza kichwa cha Bi Hojar. "Shoga, huo mfarishi wa maua usiuburuze, pamba yake nzuri."

"Ungekuwa unajua kuhurumia pamba, wajukuu wako wasingenirushia mawe kwenye mzabibu!"

Kichwa kikashuka kidogo, kikabaki macho.

Elyor akamwendea mkewe. Akasema kwa sauti ya chini, ingawa ua ulikuwa mdogo na sauti ya chini pale ilikuwa ya wote. "Oydin. Daktari aliuliza kama kwenu yuko mwingine, ukasema hayuko. Nilikuona ukikwepa macho yake. Kama yuko, sema. Mama anaamini kwamba ni kiburi kwa sababu hajawahi kumwona mwenye ugonjwa huo. Akijua yuko mtu mzima, mtu wa heshima, aliyekazwa na jambo hilohilo, ataacha. Namjua mama yangu."

"Anasema nini?" akauliza Bi Tursunoy.

"Mama, subiri."

"Mimi ndiye nisubiri? Nyumbani kwangu?"

Oydin alishika mkate wa moto mikononi na hakuuhisi. Neno lilikuwa pale, jepesi, silabi mbili tu. Akilisema, mifarishi inarudi juu ya sanduku. Akilisema, Bi Hojar amesikia. Na Bi Hojar akisikia adhuhuri, alasiri wanajua sokoni, na kabla ya pamba kuvunwa washenga wa mdogo wake watakuwa wamekumbuka safari nyingine. Akinyamaza, atarudi kwao na masanduku yake, binti aliyeachwa kwa kukosa adabu, na hilo nalo si tangazo zuri mlangoni kwa wadogo zake. Aliyapima kama anavyopima unga kwa kiganja. Huku, kule. Hayakuwa na tofauti kubwa.

"Unaona anavyonitazama?" alisema Bi Tursunoy. Sauti ilikuwa imepungua, si kwa hasira kupungua. "Ningependa aniambie hata uongo. Aseme, mama, upepo uliniingia. Ningeuamini. Kwani sikuamini mwanzo? Lakini ananyamaza. Mtu anayenyamaza nitamfanya nini?"

"Mama," alisema Oydin.

Juu ya ukuta kile kichwa kikapanda tena mpaka kidevuni.

"Mama, sikunyimi salamu. Mimi... baba yangu..."

Lango likalia.

Halikubishwa, lilisukumwa taratibu, na mwanzoni ikaonekana fimbo tu. Kisha ikaonekana kofia nyeusi iliyodariziwa nyeupe, utosi wake ukitazama mbele mahali ambapo uso wa mtu ungekaa. Kisha akaingia mwenyewe. Hakuwa na juba. Alikuwa na shati, na chini ya shati mgongo wake ulionekana wote, umepinda kama mundu, hautikisiki. Kwapani alishika mikate iliyofungwa kwenye kitambaa safi. Alitembea mpaka katikati ya ua akitazama ardhi, maana hakuwa na pengine pa kutazama, akasimama mbele ya ulingo.

Elyor alibaki mdomo wazi. Oydin akapiga hatua moja, akasimama.

"Asalaam alaykum," alisema Fundi Kobil kuiambia ardhi. "Viatu vya mpira vyenye maua, hivi hapa chini ya ulingo. Hivi lazima ni vya mwenye nyumba. Uko juu hapo, mzazi mwenzangu?"

Mfarishi ukamtelezea Bi Tursunoy mkononi, akaukumbatia upya.

"Siku ile mlipokuja sikusimama," alisema mzee. "Ningesimama, ungeniona."

Akajaribu kuuinua uso ili amtazame anayesema naye. Alikunja magoti kidogo, akaegemea fimbo, akajirudisha nyuma mwili mzima kama mtu anayepima urefu wa mnara, na macho yakafika kwenye ukingo wa ulingo, yakakwama hapo. Bi Tursunoy aliyaona yakimtafuta.

Akashuka. Alishuka bila viatu, mfarishi mwekundu bado ameukumbatia. Akasimama mbele ya mzee, akaona utosi tu. Akainama, haikutosha. Akainama zaidi, mpaka mkono ukagusa chini, akageuza kichwa kutokea chini, na hapo ndipo walipoonana.

Ukutani Bi Hojar alivuta pumzi ili aseme kitu.

Bi Tursunoy, akiwa bado ameinama, akamnyooshea kidole cha kumnyamazisha bila kumtazama, kisha akakung'uta ule mfarishi mwekundu mara moja na kuutandika ukingoni mwa ulingo, upande wa kivuli, wanapoketishwa wageni.